Wali wa kiporo, mbu wa mchana na mikoko ya Tudor: maswali yenu ya baiolojia

Haya, barua na meseji zenu zimefika, zile za mtihani na zile za jikoni zote nimezichanganya hapa manake kusema kweli baiolojia nusu yake iko jikoni kwa mamako. Kitu kimoja kabla sijaanza. Wengi wenu mwaandika "vijidudu" mkitia bakteria, virusi, fangasi na vile vya malaria kapu moja, alafu mwashangaa mbona dawa ya huyu haimfanyi kitu yule. Hizo ni koo mbalimbali kabisa. Kiukoo hamira iko karibu na wewe binadamu kuliko ilivyo karibu na bakteria, na si mzaha huo, seli yako ina kiini na seli ya hamira ina kiini, ya bakteria haina. Virusi ndio hata seli hana. Mkishika hilo maswali mengi ya mwezi huu yanajijibu.

Asalaam aleikum Mwalimu. Niko fom 2. Mamangu akikanda unga wa mahamri wakati wa joto la kaskazi unaumuka haraka, lakini msimu huu wa kusi unachelewa mpaka anakasirika, na juzi haukuumuka kabisa. Hamira ni ileile ya siku zote. Na ni kweli hamira iko hai? — Binti wa Kibokoni

Waleikum salaam mwanangu. Iko hai, ndio. Zile chembe kavu za pakiti ni fangasi wa seli mojamoja waliolala kwa kukosa maji, ukiwatia maji ya uvuguvugu na sukari wanaamka na kuanza kula. Wakila sukari bila oksijeni ya kutosha wanatoa vitu viwili, kabonidioksaidi na alkoholi kidogo. Ile gesi ndio inayoinua donge, inataka kutoka lakini imenaswa na utando wa protini ya ngano, gluteni, na ndio maana unga wa mahindi ukautia hamira mpaka kesho hautaumuka vile.

Kazi yote hiyo inafanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, na vimeng'enya vinategemea joto. Kusi likivuma jikoni kunapoa kidogo, kazi inapungua mwendo, basi, hamira haina kosa. Lakini hilo la juzi la kutoumuka kabisa mimi namshuku mamako, na usimwambie ni mimi nimesema: maji yalikua moto sana. Kwenye nyuzijoto 60 hivi hamira wanakufa, na watu kukiwa na baridi kidogo ndio wanapochemsha maji wakidhani wanasaidia. Chovya kidole, ukiona unakitoa mbio hayo yataua. Au labda pakiti imekaa wazi muda mrefu. Kuhakikisha, chukua kikombe cha maji vuguvugu, kijiko cha sukari, hamira, ngoja dakika kama 10. Likija povu wako hai, lisipokuja usiharibu unga.

Na ukiwa na bahati shule yenu ina hadubini inayofanya kazi, muombe mwalimu akutilie tone la yale maji ya kikombeni. Utaona viduara viduara, na vingine vina kiduara kidogo kimeota ubavuni, huyo ni mtoto, hamira huzaana kwa kuchipuza hivyo. Ukiona mara moja kwa macho yako huna haja tena ya kukariri.

Wengine watauliza hiyo alkoholi kwenye mahamri. Ni kidogo mno na nyingi yake inaruka na moshi kwenye karai. Hukumu yake waulize masheikh, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Ila jamaa wa ukoo huohuo ndio wanaofanya tembo la mnazi: mgema akiteremsha asubuhi ni tamu, ukiliacha masaa machache limeshachacha, na hakuna aliyetia kitu, hamira wa porini walikua tayari kwenye kibuyu na hewani. Likikaa zaidi wanaingia bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa asidi na hapo sasa una siki.

Mwalimu shikamoo. Kulikua na harusi hapa Majengo, pilau iliyobaki ililala kwenye sufuria mpaka asubuhi. Tukaipasha moto vizuri sana ikatoa moshi, lakini watatu wakatapika kabla ya adhuhuri. Si moto unaua bakteria? — Kijana wa Majengo

Marahaba. Moto unaua bakteria, hilo sawa, lakini kuna mmoja anaitwa Bacillus cereus, anaishi udongoni na anakuja na mchele kutoka shambani. Huyu akiona hali mbaya anajigeuza spora, ganda gumu, na spora hiyo inavumilia kuchemka. Kwa hivyo ulipopika pilau mara ya kwanza uliwaua waliokua macho, spora zikabaki. Sasa pilau ikaachwa. Sufuria la harusi ni kubwa, juu limepoa lakini ukitumbukiza mwiko katikati saa sita ya usiku bado kuna joto zuri tu la kumfurahisha bakteria, spora zikaota, wakazaana, na wakizaana wanatoa sumu ndani ya chakula.

Hapo ndipo mlipopotea. Asubuhi mkapasha moto, bakteria mkawaua kweli, lakini sumu ile ya kutapisha si kiumbe, haifi, na joto la jikoni haliiharibu. Mkaila. Mtu anaanza kutapika ndani ya saa 1 mpaka 6, na hesabu yenu ya "kabla ya adhuhuri" inaingia hapohapo. Iko na aina nyingine ya kuharisha inayochelewa zaidi.

Najua mtaniambia mababu wamekula mwiku miaka yote na hawakufa. Ni kweli, si kila sufuria ina spora za kutosha na mara nyingi mtu anaugua siku moja anapona, akasema alipatwa na jicho. Lakini kwa joto letu la Mombasa usiache wali nje zaidi ya saa moja au mbili. Pakua kwenye masinia utandaze upoe haraka, kisha friji. Na stima ikipotea usiku kucha, samahani, mwaga tu. Kunusa hakusaidii kwa sababu sumu hiyo haina harufu.

Mwl, nikipata mafua mama ananunua kapsuli za antibayotiki kwa kemisti, nakula mbili tatu nikipata nafuu anaziweka kabatini kwa ajili ya mdogo wangu. Rafiki yangu anasema ni makosa. — Fom 3, Likoni

Rafiki yako yuko sawa, mara mbili. Kwanza mafua ni virusi. Penisilini na dada zake zinavunja ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria, na virusi hana ukuta, hana seli, hana mtambo wake wa kutengeneza protini, anatumia wako. Utampiga wapi? (Wewe pia seli zako hazina ukuta huo ndio maana penisilini inamuua bakteria na wewe unabaki.) Ile nafuu uliyopata ni mwili wako umefanya kazi, kapsuli zikapewa sifa.

Pili, hata kama ingekua bakteria kweli, kula mbili tatu ni kuwaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu. Bakteria mmoja wa tumboni akipata chakula na joto zuri anagawanyika kila dakika 20, piga hesabu mwenyewe, masaa 8 kutoka kwa mmoja wanafika zaidi ya milioni 16. Na hawarithishani tu baba kwa mwana, wanapeana vipande vya DNA wao kwa wao hata wasiokua jamii moja. Alexander Fleming aliyeona penisilini mwaka 1928 kule London alilisema hili kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945, kwamba mtu akijipa dozi ndogo atawafunza vijidudu kuvumilia. Haikua siri tangu mwanzo. Dawa ya daktari meza kama alivyokuandikia, na ya kabatini mdogo wako asipewe.

Mwalimu sisi Kisauni tunalala kwenye neti watoto wote na bado wawili walipata dengi. Neti zina kazi gani basi? Na kwanini hospitali walimkataza mtoto dawa ya maumivu niliyokua nampa nyumbani? — Mama Wawili

Pole sana mamangu, natumai sasa wazima. Neti ina kazi, lakini ile neti inapigana na mbu mwengine. Malaria inaletwa na Anofelesi jike na yeye anauma usiku. Dengi na chikungunya zinaletwa na Aedes, huyu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, mwangalie akitua utamjua, na yeye anauma mchana, sana sana asubuhi na jioni kabla jua halijatua, kwenye vifundo vya miguu, chini ya meza, mahali pa kivuli. Watoto wanapocheza na kufanya homuwaki ndio saa zake. Mtoto mdogo anayelala mchana mtilie neti hata mchana.

Alafu tuje kwenye jambo lenyewe ambalo sisi Mombasa hatulipendi. Aedes hatagi kwenye mitaro michafu, anapenda maji safi yaliyotulia, na sisi maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwa hivyo kila nyumba ina madramu, mitungi, ndoo, matangi, ukiongeza matairi ya nyuma ya nyumba, vifuu vya nazi na visahani vya maua umemjengea mtaa mzima. Tangu yai mpaka mbu anaruka kwa joto letu ni kama wiki moja hivi au siku 10. Chikungunya ilitupiga mwaka 2004, ikaanzia Lamu ikaja hapa, ikarudi tena Mombasa mwisho wa 2017 kuingia 2018, na dengi tulikua nayo 2013. Si bahati mbaya, ni madramu.

Na kuna kitu watu wengi hawajui. Wakimwaga maji ya dramu wanasema wamesafisha. Aedes hatagi mayai ndani ya maji, anayataga ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, meusi madogo utadhani ni uchafu. Mayai hayo yanakauka na yanakaa miezi yakiwa hai. Ukijaza dramu tena maji yakiyafikia, yanaangua. Kwa hivyo ni kusugua, mama, sugua pembeni kwa brashi ngumu na sabuni kila wiki, suuza, kisha funika kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kizito ufunge kwa mpira. Ukiona viluwiluwi wanajikunjakunja juu ya maji umechelewa kidogo, lakini bado hawajaruka, yamwage juani.

La dawa: dengi ni virusi, hakuna dawa ya kumuua, mtu anatunzwa kwa maji mengi na kushusha homa mpaka mwili ushinde. Dengi inapunguza zile chembe za kugandisha damu, na aspirini na ibuprofeni nazo zinazuia chembe hizohizo kufanya kazi vizuri, ukichanganya mtoto anaweza kuvuja damu. Ndio maana wanapewa parasetamoli peke yake. Tumbo likimuuma sana, akitapika bila kuacha au fizi na pua zikitoa damu, mkimbize hospitali hata kama homa imeshuka, manake hatari mara nyingi inakuja homa inaposhuka. Virusi vya dengi viko aina 4 na aliyepona aina moja hana kinga ya kudumu ya nyingine, na mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi.

Na homa yoyote, kapimwe malaria. Hiyo si virusi wala bakteria, ni protozoa, kiumbe wa seli moja, jina lake Plasmodiamu, na ana dawa zake.

Bibi anatukataza kulala chini ya mwembe usiku ati mti unavuta pumzi za mtu. Sayansi inasemaje? — Changamwe

Bibi ana nusu ya ukweli. Mti unapumua usiku na mchana kama wewe, unachukua oksijeni na kutoa kabonidioksaidi, ila mchana kazi ya usanisinuru, ya kujitengenezea chakula kwa mwanga, ambayo huchukua kabonidioksaidi na kutoa oksijeni, inakua kubwa zaidi na inafunika ile ya kupumua. Jan Ingenhousz alishaonyesha mwaka 1779 kwamba mmea unasafisha hewa ukiwa kwenye mwanga tu. Lakini uko nje, hewa inapita, na huyo kaka yako anayekoroma ubavuni anakutolea kabonidioksaidi kama kilo moja kwa siku na bado mwalala chumba kimoja mkiamka wazima. Mambo mengine ya mwembe usiku muulize bibi mwenyewe.

Mwalimu, tumesoma sikoseli, ule ugonjwa wa damu, inarithiwa na zamani watoto wengi walikua wanakufa kabla hawajazaa. Sasa mbona jeni hiyo haijaisha yenyewe? Na dadangu ana mtoto mmoja mgonjwa, ameambiwa watatu wanaofuata watakua wazima, ni kweli? — Fom 4, Mikindani

Hilo swali la kwanza ndio zuri kuliko yote mwezi huu, na jibu lake lina mizizi hapahapa kwetu. Ugonjwa unakuja mtoto akirithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliye na nakala moja tu ni mbebaji, anaishi maisha yake kawaida na mara nyingi hajui. Sasa daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kitu cha ajabu: wabebaji ni wengi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu kwenye baridi ni wachache mno. Wapi kuna malaria nyingi? Pwani na ziwani. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mtoto mbebaji anakingwa na malaria kali, na utafiti wa miaka mingi hapo Kilifi umethibitisha hivyo. Kwa hivyo jeni inapoteza watoto upande mmoja na kuokoa wengine wengi zaidi upande wa pili, ndio maana ikabaki. Uteuzi wa asili hauangalii uzuri wa kitu, unaangalia nani amebaki akazaa. Mtihani ukikuuliza mfano wa uteuzi huo usiende kutafuta wale vipepeo wa usiku wa Uingereza walio vitabuni, huu ndio wako.

La dadako, mwambie pole pole lakini mwambie: si kweli. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mgonjwa, mbili kwa nne mbebaji na moja kwa nne asiye na kitu, na kila mimba inaanza hesabu upya. Ni sarafu inayorushwa tena, haikumbuki ilianguka vipi jana. Wanaweza kuwa wazima wote, wanaweza wasiwe. Aende na mumewe kliniki wapimwe na wapewe ushauri, na mtoto akizaliwa apimwe mapema ili aanzishiwe matunzo mapema.

Mwl. Nilimwagilia mchicha maji ya kisima chetu cha chumvi ukanyauka wote, lakini pale Tudor mikoko imesimama ndani ya bahari na ina majani ya kijani. Mbona? — Tudor

Mchicha wako umekufa kwa kiu huku umeloa. Maji hutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi, osmosisi hiyo, na udongo wako ulikua na chumvi kuliko mizizi, kwa hivyo badala ya mizizi kunywa ikanywewa. Kata kiazi vipande viwili, kimoja maji matupu kimoja maji ya chumvi nyingi, ngoja saa moja uvibonyeze, utaona kimoja kigumu kimoja kimelegea.

Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita na mikoko inaishi humo kwa ujanja, na si mti mmoja, Kenya tuna aina 9 na kila moja na ujanja wake. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojipinda juu, unachuja chumvi nyingi hukohuko mizizini isiingie. Mchu unaiacha iingie kiasi kisha unaitoa kwa vitezi vya majani. Nenda maji yakipwa, mchana jua kali, shika jani la mchu uliangalie kwa karibu, utaona vichembe vyeupe vinang'aa. Lilambe. Hiyo ndio chumvi. Mvua ikinyesha inaoshwa utasema hakukua na kitu.

Na ukiwa hapo angalia chini ya mchu, vile vijiti vilivyosimama wima kwenye tope. Hivyo ni mizizi inayopumua. Tope lile jeusi halina oksijeni, ukilifukua linanuka mayai viza kwa sababu kuna bakteria humo ambao hawahitaji oksijeni na wanatoa gesi hiyo, na mizizi ya mti inahitaji, basi inajitoa juu ivute hewa maji yakipwa. Ukitembea usivivunje. Na zile fimbo za kijani zinazoning'inia kwenye mkoko, shubiri mbili au zaidi, watu wanadhani ni matunda lakini ni miche, mbegu imeshaota ikiwa bado kwa mamake, ikidondoka inachoma tope au inaelea mpaka ipate mahali. Ukipata siku nenda Gazi kule Kwale, wanakijiji wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanauza kaboni inayofungwa na mikoko ile na pesa zinarudi kijijini kwa maji na shule.

Kwenye shamba lako, huo udongo uoshe kwa maji ya mvua mara kadha, yapite chini yatoke, kabla hujapanda tena. Mchicha panda kwenye ndoo zilizotobolewa matundu na utumie maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima wape minazi, inavumilia chumvi kiasi.